Malkia Wawili, Saa Moja

Mmoja ana miaka 38, mume na mtoto. Mwingine ana 19 na mama yake anamsubiri nje ya ukumbi. Fainali yao ya chesi ilikuwa na mafunzo mengi kwa wanandoa kuliko semina nyingi za ndoa tulizowahi kukaa.

Mpenzi msomaji, hebu vuta picha. Uko mezani na mtu yuleyule kwa siku ya tatu mfululizo. Hamsemeshani. Kati yenu kuna ubao wenye miraba 64, pembeni kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, na kila mkono ukinyanyuka kamera zinaufuata. Aliye mbele yako ana miaka 19. Wewe una 38, umri wake mara mbili kamili. Ulikuwa unaitwa bingwa kabla yeye hajazaliwa. Sasa saa yako inaelekea ukingoni, yeye katulia, na dunia nzima inatazama. Unafanyaje?

Hii si filamu. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 28 Julai 2025, mjini Batumi, nchini Georgia, ile ya kando ya Bahari Nyeusi, siyo ya Marekani. Ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia la chesi kwa wanawake, na mezani walikaa Wahindi wawili: Humpy Koneru na Divya Deshmukh.

Mimi nilitazama marudio yake usiku, sebuleni, mtoto ameshalala. Mume wangu ni mtu wa drafti, tena yule wa kijiweni hasa, wa kugonga kete mpaka meza inaruka. Akasogea kuchungulia. "Hawa wanacheza au wanasali?" Nikamwambia akae. Akakaa. Tulimaliza saa sita usiku, na tukalala tumenuniana kidogo. Sababu nitakwambia baadaye.

MCHEZO WENYE MALKIA

Wengi wetu tunaita chesi, lakini Kiswahili kina jina lake la siku nyingi: sataranji. Jina hilo limesafiri. Wahindi wa kale walikuwa na mchezo wa vita ulioitwa chaturanga. Wajemi wakauchukua, Waarabu wakauita shatranji, na kwa njia ya bahari neno likafika kwetu pwani.

Kuna jambo wengi hawalijui. Katika ule mchezo wa zamani hapakuwa na malkia. Kando ya mfalme alisimama waziri, naye alikuwa mnyonge, akisogea mraba mmoja mmoja tu. Mchezo ulipofika Ulaya, waziri akageuka malkia, na mwishoni mwa karne ya 15 malkia akapewa nguvu alizonazo leo: aende mbele, nyuma, pembeni, mshazari, umbali wowote njia ikiwa wazi. Mfalme ndiye anayelindwa, lakini kazi kubwa inafanywa na mama. Akina dada mnacheka, nawaona.

Ubaoni mambo yamekaa hivyo, lakini kwenye viti ni hadithi nyingine. Cheo cha juu kabisa cha mchezo huu kinaitwa Grandmaster. Duniani wamekipata watu zaidi ya 2,000, na wanawake kati yao ni kama 40 hivi. Wa kwanza alikuwa Nona Gaprindashvili, mwaka 1978, naye ni wa hukohuko Georgia. Alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake tangu 1962 mpaka 1978, na aliyempokonya alikuwa Mgeorgia mwenzake, Maia Chiburdanidze, binti wa miaka 17. Wageorgia wenyewe husimulia kwamba zamani bibi harusi alikwenda kwa mumewe na ubao wa chesi miongoni mwa vitu vyake. Sisi tunabeba masufuria na mapazia.

Kwa hiyo fainali ile ilichezwa kwenye ardhi inayojua thamani ya mwanamke mbele ya ubao.

MAMA ALIYERUDI MEZANI

Humpy alizaliwa mwaka 1987 katika jimbo la Andhra Pradesh, kusini mwa India. Baba yake, Ashok Koneru, alikuwa mchezaji, naye ndiye aliyemfundisha. Hata jina lina hadithi: baba alimwita Hampi, akilitoa kwenye neno la Kiingereza la bingwa, halafu akabadilisha herufi ili lifanane na majina ya Kirusi, maana Warusi ndio walikuwa wababe wa mchezo. Yaani mtoto alipewa kazi kabla hajaota meno.

Na kazi akaifanya. Mwaka 2002 akawa Grandmaster akiwa na miaka 15, mwezi mmoja na siku 27. Mpaka wakati huo hakuna msichana aliyekuwa amewahi kukipata cheo hicho akiwa mdogo kiasi hicho. Rekodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 2008, ilipovunjwa na Hou Yifan wa China.

Halafu maisha yakaja, kama yanavyokuja kwetu sote. Akaolewa mwaka 2014. Akapumzika mashindano. Mwaka 2017 akajifungua mtoto wa kike. Wewe unajua maneno yanayosemwa hapo: "Basi, ameshatulia." Neno "ametulia" kwa mwanamke mwenye kipaji, mara nyingi maana yake ni kwamba watu wameshaacha kumtarajia.

Humpy hakutulia. Desemba 2019, binti yake akiwa na miaka miwili, alikwenda Moscow akatwaa ubingwa wa dunia wa chesi ya haraka. Desemba 2024 akautwaa tena, New York. Baada ya ushindi huo wa pili alieleza bila kuficha: asingeweza bila mumewe na wazazi wake, na anaposafiri, wazazi ndio wanaomtunza mtoto. Sentensi hiyo naomba uishike. Tutairudia.

BINTI ASIYETAKA KUAMBIWA KUHUSU NYWELE

Divya ni wa mwaka 2005, kutoka Nagpur, katikati ya India. Wazazi wake wote wawili ni madaktari. Alianza chesi akiwa na miaka 5. Mwaka 2024 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana upande wa wasichana, na mwaka huohuo, kwenye Olimpiadi ya chesi ya Budapest, timu ya wanawake ya India ilichukua dhahabu huku yeye akijipatia na dhahabu ya mtu mmojammoja kwenye meza yake.

Lakini kuna jambo jingine lililomfanya nimpende. Januari 2024, akiwa na miaka 18, alirudi kutoka mashindano makubwa nchini Uholanzi akaandika hadharani yaliyomkera. Alisema alicheza vizuri na alijivunia baadhi ya michezo yake, lakini watazamaji wengi walijadili nywele zake, nguo zake, lafudhi yake, kila kitu isipokuwa chesi. Wanaume, alisema, wanajadiliwa kwa mchezo wao.

Dada unayesoma hapa, umewahi kuwasilisha ripoti ofisini ukatoka ukiambiwa "leo umependeza"? Basi unamwelewa.

NJIA YA KUFIKA FAINALI

Kombe hili huchezwa kwa mtoano. Walianza wachezaji 107. Kila wawili wanacheza michezo miwili mirefu. Wakitoka sare, wanarudi siku inayofuata kwa michezo mifupi mpaka mmoja aondoke.

Divya hakuwa miongoni mwa waliotazamiwa kufika mbali. Aliorodheshwa wa 15. Akamwondoa Zhu Jiner wa China, aliyeorodheshwa wa pili. Robo fainali akamtoa Mhindi mwenzake, Harika Dronavalli. (Huyu Harika naye ni simulizi ya peke yake: mwaka 2022 alicheza Olimpiadi ya Chennai akiwa na mimba ya miezi karibu tisa, na timu yake ikapata shaba.) Nusu fainali Divya akamfunga Tan Zhongyi, bingwa wa dunia wa zamani. Humpy kwa upande wake alimwondoa Lei Tingjie, aliyewania taji la dunia mwaka 2023.

Kabla ya hapo, hakuna mwanamke wa India aliyewahi kufika fainali ya kombe hili. Mwaka 2025 walifika wawili kwa mpigo. Yeyote ambaye angeshinda, kombe lilikuwa linakwenda India.

Jumamosi, sare. Divya alipata nafasi nzuri, ikamponyoka. Jumapili, sare tena. Jumatatu wakaingia kwenye michezo ya haraka: dakika 15 kila mmoja, na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua unayocheza. Wa kwanza ulikwenda hatua 81 ukaisha sare. Ukabaki wa pili, Humpy akiwa na kete nyeupe.

UFUNGUZI: DIRISHA LA ASKOFU

Sasa tulia nikueleze kidogo, na usiogope, sitakupeleka shule.

Kwenye chesi, hatua kumi na kitu za mwanzo zinaitwa ufunguzi. Wakubwa hawazibahatishi. Wanazisoma nyumbani miaka na miaka, na kila ufunguzi una jina lake kama mtaa. Mweupe ndiye anayeanza, kwa hiyo ana nafasi kubwa ya kuchagua mtaa watakaopita.

Humpy alichagua Ufunguzi wa Kikatalani. Jina hilo linatoka Catalonia, Hispania. Mwaka 1929 mji wa Barcelona uliandaa mashindano, na waandaaji wakamwomba mchezaji mmoja maarufu, Savielly Tartakower, abuni ufunguzi wa kuienzi nchi yao. Akaleta huu.

Unakwenda hivi. Mweupe anamsukuma askari aliye mbele ya malkia hatua mbili. Kisha anamsukuma askari wa mbele ya askofu aliye kando ya malkia, naye hatua mbili. Halafu anafanya kitu kinachoonekana kama uvivu: upande wa pili, anamsogeza askari wa mbele ya farasi hatua moja tu. Kwa nini? Anamfungulia askofu wa upande ule dirisha. Askofu anaingia pale alipotoka askari, anakaa kimya, na kutoka hapo anatazama mshazari mrefu wote mpaka pembe ya mbali ya adui.

Hapigi mtu. Anatazama tu. Unaweza kucheza hatua ishirini ukamsahau, na siku njia ikifunguka unagundua kwamba muda wote alikuwa anakulenga.

Ujanja mwingine ni yule askari wa pili. Mara nyingi anaachwa bila mlinzi. Mweusi akitaka, amle. Lakini ukimla, unatumia hatua zako kumng'ang'ania, na mweupe anatumia hizohizo kujipanga. Ni kama yule jamaa anayekukopesha bila haraka ya kudai: hela umepata, ila sasa kila mkikutana, yeye ndiye mwenye nafasi ya kuongea.

Kwa hiyo Kikatalani ni ufunguzi wa mtu mwenye subira. Unakandamiza kidogokidogo, unamwacha mwenzio achoke mwenyewe. Kwa mama mwenye uzoefu wa miaka zaidi ya 20, dhidi ya binti anayependa kushambulia, lilikuwa chaguo la busara kabisa. Kama ungeniuliza pale mwanzoni, ningemwekea Humpy hela yangu.

SAA HAIJUI CV YAKO

Divya hakutikisika. Alijibu ufunguzi ule kwa kujiamini, akajilinda vizuri, na ule mkandamizo mweupe aliokuwa anautafuta haukupatikana. Mchezo ukawa sawa kwa sawa. Na kila Humpy alipofikiri kutafuta njia, saa yake ilikuwa inakula.

Hapo ndipo kila kitu kilipobadilika. Ukiwa na dakika kumi unaweza kuuliza, "Je, nikienda hapa, yeye ataenda wapi?" Ukiwa na dakika moja, unauliza tu, "Ipi haina madhara?" Dakika ikiwa inakwisha, huulizi. Mkono unakwenda. Humpy, saa ikimbana, aliamua kujitoa: akatoa askari ili afungue mchezo. Hesabu haikukubali. Divya akawa juu.

Lakini usidhani binti alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Naye saa ilimbana, naye akakosea, na kwa muda Humpy alikuwa na nafasi ya kuokoa sare. Mume wangu, yule aliyesema wanasali, sasa alikuwa amesimama. "Aisee! Aisee!" Halafu Humpy akakosea tena, na safari hii hapakuwa na wa kumrudishia. Kwenye hatua ya 75 yote yakaisha. Jumla: Divya mbili na nusu, Humpy moja na nusu.

Divya aliziba uso kwa mikono, machozi yakamtoka palepale kwenye kiti. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, wakakumbatiana kwa muda mrefu. Wala hakuwa mama peke yake aliyeguswa. Mimi mwenyewe kitenge kilishaloa.

Na kumbuka hili. Kwa kawaida, ili uwe Grandmaster unatakiwa ukusanye viwango vitatu kwenye mashindano tofauti na ufikishe pointi 2,500. Divya alifika Batumi bila hata kiwango kimoja. Lakini kanuni zinasema anayetwaa kombe hili anapewa cheo papo hapo. Kwa hiyo aliingia ukumbini bila cheo hicho, akatoka akiwa Grandmaster wa 88 wa India na mwanamke wa nne tu wa nchi hiyo kukipata. Mwenyewe alisema ni kama ilikuwa imeandikwa. Juu yake kukawa na dola 50,000. Humpy akapata 35,000. Wote wawili walijipatia nafasi ya Mashindano ya Wagombea ya 2026, ambako mshindi hupata haki ya kumkabili bingwa wa dunia.

TULIVYONUNIANA

Sasa nikwambie kilichotufanya tulale mgongo kwa mgongo.

Nilipozima kompyuta, mume wangu akasema kwa nia njema kabisa: "Unaona, mama? Yule ana mtoto, ana mume, kichwa kimejaa. Huyu binti hana majukumu. Lazima angeshindwa."

Nikanyamaza kwanza. Kisha nikamuuliza: Desemba 2024, New York, alipotwaa ubingwa wa dunia, yule mtoto alikuwa amekwenda wapi? Ni miezi saba tu kabla ya Batumi. Moscow 2019, mtoto akiwa na miaka miwili, kichwa hakikujaa? Na kati ya wachezaji 107 walioanza, wangapi hawakuwa na watoto wala mume, na wakarudi nyumbani wiki ya kwanza? Mama huyu alikuwa wa pili. Tulichokiona ni mtu aliyeishiwa muda kwenye saa. Huyo mtoto tumemwingiza sisi.

Nilisema kwa ukali kuliko mchezo ulivyostahili, na wote wawili tulijua kwa nini. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nasomea mitihani yangu ya uhasibu. Nilibakiza hatua ya mwisho. Mtoto akazaliwa, nikasema "mwaka ujao". Mwaka ujao ukafika, mume wangu akapata kazi ya kusafiri mikoani, nikasema tena "mwaka ujao". Hakuna aliyenikataza. Hakuna hata ugomvi uliotokea. Ilikuwa tu kwamba muda wa nyumba ulipopungua, uliokatwa ulikuwa wangu, na sote tuliona ni kawaida.

Ndiyo maana nilikuomba uishike ile sentensi ya Humpy kuhusu mumewe na wazazi wake. Watu wanapomsifu mwanamke wa namna ile wanasema "ana nguvu sana". Nguvu anazo, sikatai. Lakini yeye mwenyewe anataja watu, na watu hao wanafanya kitu kinachohesabika: wanambakia mtoto ili yeye awe na saa za kujiandaa. Divya naye, nyuma yake kuna nyumba iliyokubali kwamba chesi ya binti ni kazi kamili, na mama anayesafiri naye. Hata jirani zetu Uganda, hadithi ya Phiona Mutesi wa Katwe, iliyotolewa filamu mwaka 2016 Lupita Nyong'o akiigiza kama mama yake, nusu yake ni ya ubao na nusu yake ni ya mama anayepigania nyumba isimame.

Ufunguzi haupangwi na mtu mmoja. Unaandaliwa nyumbani, na watu wengi, kwa muda wa watu wengi. Baadaye, saa ikishabonyezwa, utakaa peke yako, na unaweza kufanya kila kitu sawa halafu ukakosea hatua moja usiku umeingia. Hilo hakuna mume wala mama anayeweza kukusaidia. Lakini swali la kama ulifika mezani umejiandaa au umekimbia tu na kanga mkononi, hilo ni swali la nyumba nzima.

Asubuhi mume wangu aliamka kabla yangu. Nilimkuta jikoni anachemsha chai, si kawaida yake. Akaniuliza, "Hiyo mitihani yako ni mwezi gani?" Nikamwambia Novemba. Akatoa simu, akafungua kalenda. Jumanne na Alhamisi jioni, na Jumamosi asubuhi: mtoto wa kwake, simu yangu imezimwa. Safari za mikoani zikiangukia siku hizo, yeye ndiye anayemtafuta dada yake aje, si mimi.

Siwezi kukuahidi kwamba nitafaulu. Humpy alijiandaa kuliko mimi na bado alipoteza Batumi. Lakini angalau safari hii nitakaa kwenye kiti changu nikiwa na dakika zangu zote.

MKITAKA KUANZA NYUMBANI

Chesi ni mchezo wa bei nafuu kwa wawili, na unafaa jioni ambazo umeme umekatika na hakuna cha kutazama. Haya machache yatawasaidia:

Pangeni ubao sawasawa. Kila mchezaji awe na mraba mweupe kwenye pembe ya mkono wake wa kulia. Malkia mweupe anasimama mraba mweupe, mweusi mraba mweusi. Wengi wanakosea hapo na kucheza miezi.

Chagueni ufunguzi mmoja tu kwanza. Si lazima Kikatalani. Anza na askari wa katikati, toa farasi na maaskofu mapema, kisha mfiche mfalme pembeni. Malkia usimkurupushe, akitoka mapema anafukuzwa kila kona.

Wekeni saa. Dakika 15 kila mmoja, hata kwa simu. Utamjua mwenzio zaidi kwenye dakika mbili za mwisho kuliko kwenye chakula cha jioni cha hotelini.

Ukigusa kete, icheze. Ni sheria ya mchezo, na ni dawa ya wale wenye tabia ya kusema jambo halafu "nilikuwa natania".

Badilishaneni rangi kila mchezo. Mweupe anaanza, na kuanza ni faida. Asiwe mmoja tu kila siku.

Mkimaliza, rudieni pamoja. Mabingwa nao hufanya hivyo: wanakaa na aliyewafunga, wanatazama wapi mchezo uligeuka. Hapigwi mtu kidole. Mnauliza tu, "Hapa ulikuwa unafikiria nini?" Halafu unasikiliza jibu mpaka mwisho, hata kama wewe ndiye uliyeshinda.